Kwa Nini Tuliondoa Nyumba Jukwaani

Risala ya Kikundi cha Sanaa Ghalani, Kolandoto, iliyosomwa na katibu wa kikundi, Zipora, mbele ya mgeni rasmi

KARIBU KWENYE JUKWAA TUPU

Mgeni rasmi, viongozi mlioongozana naye, Mama Heena mwenye ghala hili, wazee wetu, wazazi na majirani: wanaostahili shikamoo tunawapa, na wengine tunawauliza habari za tangu asubuhi.

Umeingia, mgeni rasmi, ukalitazama jukwaa, kisha ukamgeukia aliyekaa jirani yako kana kwamba unamuuliza vitu viko wapi. Tuliliona hilo. Pengine ulitegemea pazia, mlango, kitanda na meza yenye kitambaa, kama maigizo mengine uliyowahi kualikwa. Umekuta sakafu iliyofagiliwa, taa zinazoning'inia bila kufichwa, na wasanii wamekaa kwenye benchi mbele ya macho yako, wengine wanakunywa maji. Usidhani hatukujiandaa. Tumejiandaa kuliko siku zote, na tuna hofu kuliko siku zote. Tuliomba tuseme kwanza ndipo tucheze, kwa sababu waliolisikia igizo hili kwa kusimuliwa wamekwenda kusema kwamba tunagawa uchawi kwa kitambaa. Maneno hayo tunajua yamekufikia.

Tunaomba utusikilize hadi mwisho. Hiyo tu ni nusu ya haja yetu.

TULIKOTOKA

Ghala hili lilikuwa la pamba. Marehemu mzee Velji alikuwa akinunua pamba ya wakulima wa huku, na biashara ilipokufa likabaki la popo. Mkwewe, Mama Heena, ndiye aliyetupa funguo. Alisema, "Panya wamemaliza pamba. Ingieni ninyi, angalau mtapiga kelele za maana."

Aliyetukusanya ni Mwalimu Eustace, ambaye alisomea sanaa za maonyesho kabla ya kufundisha shule nyingi za mkoa huu. Alitufundisha uhalisia. Jukwaa, alisema, ni nyumba yenye kuta nne. Sisi tunaondoa ukuta mmoja ili watu wachungulie, lakini aliye ndani haruhusiwi kujua kwamba anachunguliwa. Kama chai ni ya moto jukwaani, iwe ya moto. Kama mlango unafungwa, uwe na komeo. "Mtu wa nyuma kabisa," alikuwa akituambia, "asahau kwamba yuko kwenye igizo."

Katika sisi sote hakuna aliyeyashika mafundisho hayo kama Limi. Wengi hapa mnamjua, anauza nyanya sokoni. Limi alikuwa na kipaji cha kumvaa mtu. Angeweza kukusalimu kwa sauti ya mama mkwe wako ukajikuta umeinama. Watu waliacha kununua nyanya wakabaki kucheka, na mumewe, Mayala, akawa analalamika kwamba anaoa mwanamke mpya kila juma.

TULICHOKIITA MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tulitunga igizo tukaliita "Jiko la Moshi". Lilimhusu bibi ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka ya kupikia samadi na mabua, na majirani wakasema ni mchawi. Kila mtu wa Usukuma anajua habari hizo, na anajua zinavyoishia. Tuliamini kwamba watu wakiuona uchungu wa bibi yule kwa macho yao, mioyo italainika.

Tulipolicheza Songwa, watu walilia. Mhunze walilia wakatuomba turudi. Kisha tukaalikwa kijiji kimoja mbele ya Mhunze. Jina lake hatutalitaja hapa, maana wenyeji wake ni ndugu zetu na tunataka kuendelea kuwa ndugu.

Tulifika mapema. Limi alipewa malazi kwa Bibi Nkwimba, mjane anayeishi peke yake, mwenye kikohozi na macho ya moshi. Asubuhi Limi alimkuta bibi anachochea jiko, akakaa kando na kumtazama: anavyoweka mkono kiunoni kabla ya kuinuka, anavyokohoa mara moja kisha akangoja, anavyofuta macho kwa ncha ya kaniki yake, ile nguo nyeusi ya kujitanda.

"Unanitazama nini, mwanangu?" bibi akamuuliza.

"Najifunza, mayu," Limi akajibu, kwa neno letu la mama.

"Unajifunza uzee? Huo hauna shule. Utakuja wenyewe."

Wakacheka wote wawili. Limi alipomwambia kwamba jukwaani panahitajika jiko la kweli, Bibi Nkwimba alitoa mafiga yake, chungu chake, kigoda chake na kaniki yake moja, akasaidia kuvibeba. Alifurahi. Alisema tangu mumewe afariki hakuna aliyekuja kuazima kitu kwake. Siku ya igizo akavaa nguo yake ya kanisani, akakaa mbele kabisa.

Limi akatoka na ule mkono kiunoni. Akakohoa mara moja, akangoja.

"Huyo si Nkwimba huyo?" sauti ya kijana ikasema, na umati ukacheka. Bibi mwenyewe alicheka.

Tuliokuwa pembeni tulishikana mikono kwa furaha. Boaz, aliyeigiza mpiga ramli, alitunong'oneza, "Wameshika." Kweli walikuwa wameshika. Lakini Boaz alipoingia na kibuyu chake, akazunguka, akamnyooshea Limi kidole kwamba ndiye aliyeua mtoto wa jirani, kicheko kilikatika, na Limi akaona jambo ambalo sisi wengine hatukuliona. Watu hawakuwa wanamtazama yeye. Walikuwa wanatazama mstari wa mbele.

Alitusimulia baadaye yaliyompitia moyoni. Alitaka kusimama wima, atupe kaniki chini, aseme, "Jamani, mimi ni Limi, nauza nyanya Kolandoto, na mama huyu amenilaza na kunilisha." Hakusema. Katika igizo la namna ile mwigizaji haruhusiwi kuona watu. Kuna ukuta, na yeye alikuwa mwanafunzi bora wa ukuta ule. Aliendelea kukohoa kikohozi cha Bibi Nkwimba hadi onyesho la mwisho, lile ambalo bibi anaonekana hana hatia. Kufikia hapo mawingu yalikuwa yametanda, na nusu ya watu walikuwa wameshaondoka na walichokiona.

YALIYOTUPATA

Hayakupita majuma mengi, mtoto wa kijijini pale akafa kwa homa. Mnajua homa za masika. Jumapili moja Bibi Nkwimba akiwa kanisani, paa lake la nyasi lilishika moto. Hakuna aliyeona aliyewasha. Majirani walisimama wakaangalia hadi likaisha.

Limi alipopata habari alifunga genge lake la nyanya. Mayala akamwambia, "Mke wangu, huko wanakojua sura yako kwa sura ya yule bibi, wewe unaenda kufanya nini?"

"Ndiyo sababu naenda," Limi alijibu.

Alimkuta bibi amekaa kwenye kigoda katikati ya kuta nyeusi. Akapiga magoti kumwamkia, na bibi akamjibu marahaba kwa sauti ileile ya siku zote. Limi alilia kwa sababu ya sauti ile. Alimsihi waende Kolandoto. Bibi akakataa, kaburi la mumewe liko pale, na shamba liko pale.

"Mtoto wako yuko wapi, mayu?"

"Jilala yuko Geita, anachimba. Zamani alikuwa akipiga simu."

Hakusema zaidi. Alikubali tu kuja kukaa kwa Mama Heena hadi mvua, na alipotoka kijijini hakuaga, kwa sababu hapakuwa na aliyefungua mlango.

Mgeni rasmi, tulifanya kikao humu ndani, na karibu kikundi kivunjike. Wengine walisema tuache kabisa. Boaz alikuwa akiangalia kidole chake. Mwalimu Eustace ndiye aliyesimama, akatueleza sehemu ya historia ambayo hatukuwahi kumuuliza.

Alisema uhalisia haukuletwa na watu wabaya. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, huko Ulaya, jukwaa lilijaa wafalme wa kuchora na vilio vya uongo, na wasanii waaminifu wakataka kuonyesha maisha yalivyo: chumba, deni, ugonjwa, mlango unaofungwa. Lilikuwa jambo la ujasiri. Lakini haikuchukua muda, wengine wakaanza kuutilia shaka ukuta ule. Waliuliza, mtu akichungulia, akalia, akarudi kulala, kimebadilika nini? Wakaupinga kila mmoja kwa njia yake. Kuna walioonyesha ndoto na hofu badala ya sebule, nyuso zimepakwa rangi, kuta zimepinda. Kuna walioziacha taa zionekane, mwigizaji akakatiza wimbo na kuwaambia watu, "Mnaona hili? Si lazima liwe hivi." Kuna waliotupa mapambo yote wakabaki na mwili na sauti. Na hapa kwetu, baada ya uhuru, wako walioyaacha majumba ya maonyesho na kwenda vijijini na ngoma na hadithi, wakawapa wenyeji nafasi ya kuingia uwanjani na kubadili mwisho.

"Na sisi Wasukuma," alimalizia, "mchezaji wa ngoma yetu ya bugobogobo anarusha jembe juu, udongo hakuna, na kila mtu anaona shamba. Hakuna anayesema yule ni mkulima fulani wa pale kwa fulani. Sisi tulilijua hili kabla ya kuletewa mlango."

Limi akamuuliza, "Sasa mwalimu, mimi nitamwigizaje bibi bila kumwigiza Nkwimba?"

Mwalimu alisema hajui. Tunaiheshimu sana siku ile aliyosema hajui.

Jibu lilipatikana Geita, na si kwa kutafutwa. Limi alikwenda kumtafuta Jilala. Alimkuta kwenye machimbo, Jumapili, karasha za kusagia mawe zimezimwa, wachimbaji wamekaa kando ya duara lao, yaani shimo la kuchimbia, wakisubiri wali wa mama ntilie. Jilala alipojua mgeni ni nani hakumkaribisha kukaa.

"Wewe ndiye uliyemchezea mama yangu," alisema.

"Ndiye."

"Nilisikia huku huku. Walisema hata wasanii wamekuja kutoka mjini wakaonyesha wazi kwamba ni yeye."

"Na wewe uliamini?"

Jilala aliangalia chini. Ndipo ikajulikana kwa nini aliacha kupiga simu. Mwaka ule alioacha, duara lao lilibomoka akaponea chupuchupu, na mtu alimwambia mkosi unatoka nyumbani. Hakuamini, alisema. Hakuamini, ila aliacha kupiga simu.

Limi alivua kaniki ya Bibi Nkwimba aliyokuwa amejitanda kujikinga na vumbi, akaenda kwa mama ntilie akaomba kitunguu. Akakata mbele yao, akajisugua chini ya jicho, na machozi yakamtoka. "Tazameni," aliwaambia. "Haya ni macho mekundu. Nimeyatengeneza sasa hivi na nyote mmeona. Bibi yenu hana kitunguu, ana moshi." Kisha akamtupia kaniki mchimbaji wa karibu. "Vaa wewe. Wewe sasa ndiye bibi. Hawa ni majirani, wamekuja mlangoni. Utawaambia nini?"

Kijana yule alicheka, akavaa, akainua mikono kwa mzaha. Wenzake wakapiga kelele za majirani. Alipojaribu kujibu akakosa la kusema, akampa mwingine. Wa pili naye akakosa. Kaniki ikazunguka kwa wanaume wenye ndevu na vumbi la mawe usoni, na kila aliyeivaa aliona wenzake wanavyoonekana ukiwa upande ule. Kicheko kilipungua hadi kikaisha. Ilipomfikia Jilala aliishika muda mrefu. Iliendelea kunuka moshi wa nyumbani kwao. Akajitanda, akasema, "Jilala, mwanangu, mbona hupigi simu?"

Kesho yake alipanda basi na Limi. Jinsi mama na mwana walivyoonana hatukuandika humu. Ni mambo yao.

IGIZO LILIVYO SASA

Ndiyo sababu hakuna nyumba jukwaani leo. Hakuna atakayekuwa bibi peke yake. Kaniki itapita kwa Boaz mwenye ndevu, kwa Mwanaima ambaye ndiyo kwanza amemaliza shule, kwa Mwalimu mwenyewe. Kitunguu kitakatwa mbele yenu. Mwigizaji atakapowaona mmegeuka kutazama mtu fulani, atasimamisha igizo na kuwauliza mnamtazama kwa nini. Na mwishoni kaniki itashuka ukumbini.

Hapo ndipo matatizo yetu yalipo. Hapa Kolandoto wengi waliivaa, na jirani mmoja aliyeivaa amekuja kumpelekea Bibi Nkwimba maziwa. Songwa kulitokea ugomvi. Mzee mmoja alikataa kuishika, akasema ukiivaa uchawi unahamia kwako, na maneno hayo yamesafiri kuliko sisi. Wengine wanasema igizo lisilo na nyumba ni dharau, tumewadanganya wakaja kuangalia sakafu. Kijiji kile cha Bibi Nkwimba kimetutumia ujumbe kwamba tusikanyage bila kiongozi wa serikali kuwepo.

Hatuna uhakika kwamba igizo hili jipya linafaa. Tunaomba ulisikie hilo kutoka kwetu. La kwanza tulikuwa na uhakika nalo.

MAOMBI YETU

Kwanza, tunaomba kibali cha maandishi kitakachoeleza kwamba sisi ni wasanii, ili tukisimamishwa njiani tuwe na cha kuonyesha.

Pili, tunaomba usafiri wa kwenda kijijini kule na kurudi, na askari wawili wasio na haraka ya kuondoka.

Tatu, mgeni rasmi, tunakuomba uje nasi, ukae mstari wa mbele. Kaniki itakaposhuka, mtu wa kwanza kuivaa kule hawezi kuwa mwenyeji. Ataogopa, na hatumlaumu. Hawezi kuwa mmoja wetu, sisi tumeshahesabiwa kuwa wagawa uchawi. Tumefikiri sana ni nani anayeweza kujitanda nguo ile mbele ya watu wale, na watu wakaendelea kumwamkia. Tumeona ni wewe. Tunajua tunachokuomba. Tunajua kuna watakaokupiga picha na kukucheka. Leo hatutakushtukiza: kaniki ikikufikia hapa, unaweza kumpa aliye jirani yako, nasi tutaendelea bila neno.

Tungengoja zaidi kama tungeweza. Juma lililopita Jilala alikwenda kuangalia kuta za mama yake kama zinaweza kubeba paa jipya. Alirudi na habari kwamba kuna jina jingine linatajwa pale kijijini. Ni la mjane mwingine, anayesali kanisa moja na Bibi Nkwimba. Kuna mtoto anaumwa katika nyumba ya pili kutoka kwake. Tumepeleka habari kunakohusika, na tumeambiwa kutaja jina si kosa hadi litokee jambo.

Bibi Nkwimba yupo humu ndani leo. Tafadhali msimtafute kwa macho. Alipopata habari za mwenzake hakulia. Aliuliza tu mvua zitaanza lini, kisha akasema anarudi kwake Jumamosi, kuwe na igizo au kusiwe. Limi alisema ataandamana naye. Mayala alisema mke wake haendi bila yeye. Boaz akasema hivyo hivyo, na Mwanaima, na Mwalimu, hadi kikao kikafungwa bila kupiga kura.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, Jumamosi asubuhi tutakuwa barabarani. Kama gari litakuwepo tutapanda, na kama halipo tutatembea. Kiti cha mstari wa mbele kule kijijini tutakiacha wazi kwa ajili yako hadi tutakapoanza igizo.

Mungu akujalie afya na moyo mwepesi, awalinde wazee wa mkoa huu wanaokohoa peke yao kwenye majiko yao, na atufikishe sote Jumapili tukiwa tumetimia.

Ni sisi,
Kikundi cha Sanaa Ghalani,
Kolandoto, Shinyanga.